Kani, Nguvu na Farumi: Istilahi katika Kupanga Somo la Fizikia la Sekondari

UTANGULIZI

Mwalimu anayepanga somo la fizikia la Kidato cha Kwanza huanza na mambo matatu: muhtasari wa somo, idadi ya vipindi, na vifaa alivyo navyo. Jambo la nne, ambalo aghalabu husahauliwa, ni maneno. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi ni sehemu ya mpango wenyewe wa somo, na hapana budi iandikwe katika azimio la kazi kama vile zinavyoandikwa mizani, kamba na rula. Orodha ya istilahi iliyochapishwa na kuwekwa kabatini haijawa lugha. Huwa lugha siku ile mwanafunzi anapoitumia kupata jibu la hesabu ambalo asingalilipata kwa neno lake la mazoea.

Ili maelezo yetu yasiwe nadharia tupu, tumechagua mahali pamoja pa kutolea mifano, yaani kisiwa cha Jibondo katika Wilaya ya Mafia, Mkoa wa Pwani. Sababu ya kuchagua kisiwa hicho itajidhihirisha kadiri tunavyoendelea.

HALI YA LUGHA DARASANI

Wasomaji wetu wengi wanaijua historia ya jambo hili, kwa hiyo tutaipitia kwa ufupi. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili. Mwaka 1967, baada ya kutangazwa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi za serikali. Na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika katika shule za sekondari kuanzia 1985, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Ijapokuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikifungulia Kiswahili njia katika ngazi zote, hadi leo fizikia ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Matokeo yake ni kwamba mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili kwa miaka kadhaa, kisha huingia Kidato cha Kwanza na kukuta mambo yaleyale yamevaa majina mageni. Mwalimu naye hugeuka kuwa mfasiri, ingawa hakuajiriwa kwa kazi hiyo wala hakufunzwa. Huandika ubaoni kwa lugha moja na kufafanua kwa lugha nyingine. Walimu watatu katika shule tatu huchagua maneno matatu kwa dhana moja. Na pengine, jambo ambalo ni baya zaidi, mwalimu mmoja hutumia neno moja kwa dhana tatu.

Yafaa ikumbukwe, basi, kwamba haja ya istilahi thabiti za Kiswahili haitegemei upande anaoupendelea mtu katika mjadala wa lugha ya kufundishia. Hata yule anayetaka Kiingereza kibaki hawezi kumzuia mwalimu asifafanue kwa Kiswahili, wala mwanafunzi asifikiri kwa Kiswahili. Maadamu ufafanuzi huo upo, ni heri uwe sahihi.

JIBONDO NA MSAMIATI WAKE

Jibondo ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kusini ya visiwa vya Chole na Juani. Ardhi yake ni ya mawe, na wakazi wake tangu zamani wametegemea bahari: uvuvi, uchukuzi na uundaji wa vyombo, kazi ambayo kwayo Wajibondo wanajulikana. Maji ya kunywa kwa muda mrefu yalikuwa ya taabu. Yalikingwa ya mvua, na mengine yaliletwa kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa cha Mafia.

Mtoto anayekulia mahali kama hapo hurithi msamiati mpana na wenye mipaka iliyo wazi. Katika chombo ataujua mkuku, mataruma, mlingoti, foromali, tanga na usukani. Atajua kwamba henza ni kamba nene ya kupandishia foromali, na kwamba jarari ni kamba ipitayo katika kapi ili henza ivutwe kwa wepesi. Atajua kwamba roda ni gurudumu lililomo ndani ya kapi. Ataijua farumi, yaani mawe au mchanga unaowekwa chini ya chombo kisicho na shehena ili kitulie. Kwa upande wa bahari atatofautisha bamvua na maji mafu, naye ameona kwa macho yake kwamba wakati wa bamvua maji ya Mafia hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3.

Sasa tumjaalie mwanafunzi mmoja wa huko aliyeingia Kidato cha Kwanza. Anajua kwamba dumu la maji ya kunywa lililojazwa na kufungwa vizuri, likianguka baharini, haliendi chini. Huelea, sehemu ndogo tu ikionekana. Lakini akiulizwa katika mtihani aeleze kanuni ya kuelea, huenda karatasi yake ikabaki nyeupe. Tusiseme upesi kwamba mtoto huyu hajui kitu. Wala tusijidanganye kwamba anaijua fizikia tayari. Alicho nacho ni mazoea ya kweli ambayo hayajapata kipimo. Fizikia huuliza: kwa kiasi gani? Lita 20 za maji ya kunywa zina tungamo la kilogramu 20. Nafasi ileile ikijazwa maji ya bahari, tungamo lake ni kilogramu 20.5, kwa kuwa meta moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilogramu 1,025 hivi badala ya 1,000. Tofauti hiyo ya nusu kilogramu ndiyo inayolielesha dumu, kwani plastiki yake yenyewe ni nyepesi kidogo kuliko maji.

Kazi ya mwalimu ni kumtoa mwanafunzi katika mazoea na kumfikisha kwenye kipimo. Njiani humo maneno yasiyoshikika humwangusha.

NENO MOJA, DHANA TATU

Neno linaloleta matatizo zaidi ni nguvu. Tazama sentensi hizi tatu, ambazo zote ni Kiswahili safi: ‘Vuta kamba kwa nguvu.’ ‘Nimefunga tangu alfajiri, sina nguvu tena.’ ‘Injini hii ina nguvu kuliko ile.’ Katika mazungumzo hakuna anayepotea. Katika fizikia, hata hivyo, sentensi ya kwanza inahusu kitu kinachosukuma au kuvuta. Ya pili inahusu akiba ya uwezo wa kufanya kazi. Na ya tatu inahusu wepesi wa kuifanya kazi hiyo. Ni dhana tatu zenye vizio vitatu: nyutoni, jouli na wati. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa zote tatu hatajua ni wakati gani azidishe na ni wakati gani agawe.

Tutumie upandishaji wa tanga kuonyesha tofauti hiyo. Tuchukue kwamba foromali pamoja na tanga lake vina tungamo la kilogramu 80. Kwa kuwa kila kilogramu huvutwa na dunia kwa nyutoni 10 hivi, uzito wake ni nyutoni 800. Foromali ikipandishwa meta 6, kazi iliyofanyika ni 800 mara 6, yaani jouli 4,800. Kama kamba zinazobeba mzigo katika kapi ni nne, na tukiuacha msuguano kando, mvutaji atahitaji kuvuta kwa nyutoni 200 tu. Lakini itambidi avute meta 24 za kamba. Nyutoni 200 mara meta 24 ni jouli 4,800 zilezile. Kapi imempunguzia mvutaji ule mkazo wa mikono, lakini haikumsamehe hata jouli moja ya kazi. Katika chombo halisi msuguano wa kamba na roda humdai zaidi ya hapo.

Aidha, akimaliza kwa sekunde 40 ametenda kwa wati 120. Akisaidiwa na mwenzake wakamaliza kwa sekunde 20, kwa pamoja wametenda kwa wati 240. Kazi ni ileile, muda umepungua.

Mwanafunzi aliyefuata hesabu hii ameshaona kwamba vitu ni vitatu. Hapo ndipo anapohitaji majina matatu. Mapendekezo yetu ni haya:

Kani: kile kinachosukuma au kuvuta kitu, na kinachoweza kubadili mwendo wake au umbo lake. Neno hili si geni. Katika Kiswahili cha kale lilikuwa na maana ya bidii, nguvu na ukaidi. Wanaistilahi waliliazima na kulipunguzia eneo. Kizio chake ni nyutoni.

Kazi: kani ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimesogea kuufuata mwelekeo wa kani hiyo. Mwalimu aonye mapema kwamba kwa maana hii mtu aliyeishikilia jarari bila kuisogeza haifanyii foromali kazi yoyote, japo jasho linamtoka. Darasa litacheka, lakini halitasahau. Kizio chake ni jouli.

Nishati: uwezo wa kufanya kazi. Neno lina asili ya Kiarabu na limekwisha kuzoeleka hata katika majina ya wizara. Kizio chake ni jouli pia.

Nguvu: kiasi cha kazi kinachofanyika kwa kila sekunde. Kizio chake ni wati.

Wako wanaopendelea neno uwezo kwa dhana hii ya mwisho. Hoja yao ina uzito, kwani inaliepusha kabisa neno nguvu. Sisi tunaona afadhali nguvu ibaki hapa kwa sababu watu wamekwisha kuiweka hapa wenyewe. Mvuvi anayenunua mashine ya kutia nyuma ya boti huuliza ina nguvu za farasi ngapi. Nguvu moja ya farasi ni wati 746 hivi. Kwa hiyo mashine ya nguvu za farasi 15 hutoa zaidi ya wati 11,000. Pia uwezo tumekwisha kuutumia katika kuifasili nishati, na si vyema neno moja likawa fasili ya dhana moja na jina la dhana nyingine.

MANENO YA CHOMBO: YANAYOFAA NA YANAYOTAKA MIPAKA

Haifuati kwamba kila neno la baharini litufae kama lilivyo. Tutazame machache.

Mkondo. Neno hili limehama vizuri. Maji yaingiayo kwa kasi katika Ghuba ya Chole kupitia Mlango wa Kinasi huitwa mkondo, na umeme upitao katika waya huitwa mkondo vilevile. Sifa zilizohama ni za kweli: kuna kitu kinachopita, kuna upande kinakoelekea, na kuna kiasi kinachopita kwa kila sekunde. Mfano wa sifa ukishikana namna hiyo, neno halimpotoshi mwanafunzi.

Wenzo. Kamusi za zamani hulitaja kwa maana ya mti wa kunyanyulia kitu kizito, na pia mti wa kuviringishia, kama ile inayowekwa chini ya chombo kinapoteremshwa majini. Katika fizikia hizo ni njia mbili tofauti: moja hutumia egemeo, nyingine hupunguza msuguano. Istilahi imechagua maana ya kwanza, na mwalimu aseme hivyo waziwazi. Watumishi wa serikali wataona pia kwamba wingi wake, nyenzo, umekwisha kuhamia maofisini, ambako sasa una maana ya fedha, magari na shajala.

Maji baridi. Mtu wa pwani akisema maji baridi ana maana ya maji yasiyo ya chumvi, hata kama yameshinda juani. Mwalimu aliyetoka bara akiuliza, ‘Chombo huzama zaidi katika maji baridi au ya bahari?’ anaweza kueleweka kuwa anauliza habari za joto, au kinyume chake. Hesabu yenyewe ni nyepesi: mashua yenye tungamo la kilogramu 4,100 pamoja na shehena huhamisha meta 4 za ujazo za maji ya bahari, na meta 4.1 za maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo huzama zaidi katika haya ya pili. Tunashauri maji yasiyo na chumvi yaitwe hivyo katika maswali ya mtihani, na baridi iachwe kwa habari za halijoto.

Farumi. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Baharia husema kwamba farumi hukipa chombo uzito ili kitulie. Mwanafunzi atahitimisha kwamba chombo kizito hutulia na chepesi hupinduka. Lakini mawe yaleyale yakipangwa juu ya sitaha, chombo kitakuwa na uzito uleule na kitapinduka upesi. Kinachotuliza ni mahali uzito ulipo, na fizikia hupaita kitovu cha uzito. Kosa la namna hii limewahi kuangamiza chombo kikubwa: mwaka 1628 manowari ya Sweden iitwayo Vasa, iliyoelemewa juu kwa kulinganisha na farumi yake, ilipinduka kwa upepo na kuzama bandarini Stockholm katika safari yake ya kwanza. Mfaransa Pierre Bouguer alichapisha maelezo ya kihesabu ya utulivu wa vyombo mwaka 1746. Kabla ya hapo, huko Ulaya kama hapa kwetu, mafundi waliongozwa na mazoea. Neno farumi litumike darasani, lakini liandamane na kitovu cha uzito tangu siku ya kwanza.

Kueleza. Ile kani ya maji inayokiinua chombo ingeweza kupata jina kutokana na kitenzi eleza, maana kukieleza chombo ni kukifanya kielee. Bahati mbaya sikio la leo husikia maana ya kufafanua tu, na ‘kani elezi’ ingeonekana kuwa kani yenye kutoa maelezo. Mpaka lipatikane jina bora, tunashauri isemwe kwa urefu: kani ya kuinua ya kimiminika.

Mwisho tutaje maneno mawili ya kuundwa. Kanieneo, yaani kani na eneo, ni mfano mzuri kwa sababu hubeba ndani yake vitu viwili vinavyohitajika katika hesabu: kani igawanywe kwa eneo. Halijoto nayo huitenga hali ya kitu na joto linaloingia au kutoka. Ila tunaona kwamba chombo kinachopima halijoto kinaendelea kuitwa kipimajoto. Mwalimu asilipuuze, alitaje na kulifafanua.

AZIMIO LA KAZI

Muhtasari wa Kidato cha Kwanza uliotumika tangu 2005 uliweka vipimo, kani, kanuni ya Arkimedi na kuelea, kanieneo, kisha kazi, nishati na nguvu, takriban kwa mfuatano huo. Mashine sahili zikaja Kidato cha Pili. Mihtasari hubadilika, lakini mfuatano wa dhana hizi una mantiki yake, na istilahi ziufuate. Mfano wa mpango ni huu:

1. Vipimo. Wanafunzi wapime kamba moja kwa pima na dhiraa zao, kisha kwa meta. Majibu yatatofautiana kwa pima na kulingana kwa meta. Istilahi: kizio, urefu, ujazo.

2. Tungamo na uzito. Jiwe la farumi lipimwe kwa mizani ya springi hewani. Istilahi: tungamo, uzito, densiti.

3. Kani. Kuvuta, kusukuma, kuburuza dau dogo mchangani, kisha juu ya magogo. Istilahi: kani, msuguano, nyutoni.

4. Kuelea. Jiwe lilelile lipimwe likiwa majini. Upungufu wa uzito wake ulinganishwe na uzito wa maji yaliyomwagika. Dumu lijaribiwe katika maji ya aina mbili. Istilahi: kani ya kuinua, kuhamisha maji.

5. Kanieneo. Kusimama juu ya tope kwa miguu mitupu, kisha juu ya ubao. Istilahi: eneo, kanieneo.

6. Kazi, nishati na nguvu. Kapi na kamba, kwa hesabu ya foromali tuliyoionyesha. Istilahi: kazi, nishati, nguvu, jouli, wati.

Katika kila hatua tunashauri utaratibu mmoja: kwanza tendo, pili neno la Kiswahili pamoja na mpaka wake, tatu kipimo, na mwisho neno la Kiingereza litakalohitajika katika mtihani. Istilahi mpya zisizidi nne katika kipindi kimoja. Kila jaribio liwe na swali moja ambalo haliwezi kujibiwa ila na mtu anayetofautisha istilahi mbili zinazokaribiana.

Atakayesema kwamba mpango huu unafaa Jibondo tu hakukosea sana, wala hatukukusudia vinginevyo kwa mifano. Mwalimu wa Kondoa atatafuta mifano yake katika kisima na mkokoteni, na wa Mwanza katika mitumbwi ya ziwa. Mifano ni ya mahali. Istilahi ni za taifa zima. Mtoto wa Jibondo na wa Kondoa watafanya mtihani mmoja, kwa hiyo kani lazima iwe kani kwa wote wawili.

HITIMISHO

Kwa wafasiri, ombi letu ni kwamba kabla ya kupendekeza istilahi waijaribu katika hesabu moja kamili, waone kama inasimama mpaka jibu lipatikane. Kwa walimu, ni kwamba safu ya istilahi iongezwe katika azimio la kazi, na maneno yanayowatatiza wanafunzi yaandikwe na kupelekwa kwa Baraza, kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayeyaona makosa hayo yakizaliwa. Kwa watumishi wanaosimamia mitaala, ni kwamba orodha za istilahi zisiishie katika mpangilio wa alfabeti, bali zitolewe pia kwa mfuatano wa kufundishia.

Mzee aundaye chombo Jibondo hahitaji ruhusa yetu ili mashua yake ielee. Mjukuu wake ndiye anayetuhitaji. Amekuja shuleni akiwa na elimu nusu, na nusu iliyobaki iko katika maneno tunayoyachagua. Tukiyachagua ovyo, atadhani kwamba aliyoyajua nyumbani na anayofundishwa darasani ni mambo mawili yasiyohusiana, naye ataliacha moja.